Kilo Saba za Umuhire

Jumatatu, 4 Agosti 2014

Kilo sita na gramu mia nne.

Topista, muuguzi wa hapa kambini, ameandika kwenye kadi bila kuinua macho. Mwezi uliopita Umuhire alikuwa sita na mia tatu. Mutoto wa miezi tisa. Mizani ni ile ya kuning'inia, yenye kaptula ya kitambaa. Yeye anaipenda, anacheka, miguu inapiga hewa. Mimi naangalia mshale.

"Ongeza uji, mama. Weka mafuta. Rudi naye Jumatatu."

Nikamwambia tena. Akinyonya anachoka. Ananyonya kidogo, anaachia, anahema kama mutu amepanda kilima na mzigo, na paji la uso linajaa jasho. Topista akasema jua ya mwezi wa nane ni kali, hata yeye anatoka jasho. Nyuma yangu foleni ya wamama ilifika nje mpaka kwenye bomba. Sikumlaumu.

Mchana Mama Eugénie akatuita. Yeye ndiye mukubwa wa kikundi chetu cha kusuka vikapu, na shemasi kanisani, na anajua Kifaransa kuliko sisi wote. Barua imefika. Kuna mji mdogo kule Italia, Roccafolta, zamani uliishi kwa kusuka. Sasa wasukaji wamekufa. Wanaita wanawake wanne wa Nakivale, hii kambi yetu ya wakimbizi, kwa sikukuu yao ya mwezi wa tisa. Siku kumi na mbili. Jina langu limo, sababu mimi ndiye naanza ncha ya kifuniko, ile fasi ngumu ambayo wengine wanaharibu.

Lakini iko sharti. Mutoto wa chini ya mwaka anaenda na mama yake kama tu daktari wa Mbarara ameandika ni muzima, na kilo ni saba ao zaidi. Chini ya saba, bima yao inakataa. Tunaenda Mbarara Alhamisi ya juma lijalo.

Siku kumi. Gramu mia sita.

Alhamisi, 7 Agosti

Uji mara nne. Mafuta. Yai moja kutoka kwa Yudita, jirani yangu, naye ni mumoja wa sisi wanne. Umuhire ametapika mara mbili.

Mama mukwe wangu, Kankindi, ameniona nikimfunga kwenye shuka na kumwinua kwa mkono, eti nisikie kama amekuwa mzito. Akasema: "Acha hiyo. Kwetu mutu anapimwa mara moja tu, siku banakata kamba ya kujua urefu wa kaburi." Kisha akaona macho yangu. Akachukua ufagio akafagia fasi iliyokwisha kufagiwa.

Alikuwa anakumbuka Gatete. Na mimi pia.

Naandika hapa kile sijamwambia hata Ngoga, bwana yangu. Gatete alikuwa mutoto wangu wa kwanza. Alifika miezi kumi. Yeye pia alinyonya kidogo na kuachia. Yeye pia alitoka jasho hapa kwa paji. Tulisema ni malaria, tulisema ni meno, tulisema ni jicho la watu. Bado wananiita Mama Gatete. Wachache wameanza kusema Mama Umuhire, kwa sauti ndogo, kama wanaogopa kumwita mapema.

Mama Eugénie anataka kwenda Italia kwa sababu ya oda ya vikapu. Yudita anataka kuona theluji — wamemwambia mwezi wa tisa hakuna, hakubali. Mimi nataka kule mutu mumoja aweke sikio kwa kifua cha mutoto wangu na akae hapo, asiangalie foleni. Ni hiyo tu.

Jumapili, 10 Agosti

Wametuombea kanisani, sisi wanne, mbele ya watu wote. Mama Eugénie akaonyesha picha ya mji. Nyumba za mawe zimepandana juu ya mwamba kama mbuzi waliokimbia mafuriko. Mzee mumoja akauliza kama kuna majani ya ng'ombe. Watu wakacheka.

Ngoga amekuja kutoka kwa ng'ombe za bosi wake. Akamrusha Umuhire juu, akamdaka. "Huyu ni mwepesi kama barua," akasema. Alikuwa anacheza. Nilienda nyuma ya nyumba nikakaa huko kidogo.

Jumatano, 13 Agosti — Mbarara

Tumelala Kakiika kwa Mama Lillian, mke wa mwanajeshi. Ananunuaga vikapu vyetu anauzia wake wenzake wa kambi ya jeshi. Mwanamke munene, mwenye kucheka. Kiswahili chake ni kile cha jeshi.

"Wewe mama, toto yako iko kilo ngapi?"

Nikasema sita na nusu, labda.

"Na daktari nataka ngapi?"

"Saba."

Akapiga makofi ya huruma. "Banange. Nusu tu? Sikia. Bwana yangu siku ya kuandikwa jeshi alikuwa kama mti ya muhogo. Bakasema kilo haitoshi. Yeye nakunywa maji jerikeni muzima, nakula ndizi kumi na mbili, natembea kama mwanamke ya mimba. Bakamupima. Akapita. Leo iko sajenti."

Yudita alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka pia. Halafu Yudita akaenda kuoga na Mama Lillian akaniangalia, hacheki tena. Akasema mutoto hawezi kunywa jerikeni. Lakini nepi ya kitambaa inaficha mambo mingi. Akaingia jikoni akatoka na pakiti ya chumvi. Nusu kilo. Akaiweka mezani karibu na chai yangu na akaanza kuongea juu ya bei ya mkaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefanya.

Asubuhi ilikuwa baridi, ukungu mpaka chini. Nilikunja nepi mara tatu, chumvi katikati, juu suruali ya sufu. Umuhire alilia, kitu kigumu kinamchoma. Nilimwambia pole, pole, ni dakika kidogo.

Mama Eugénie alikuwa amesimama pembeni na karatasi zake ndani ya plastiki. Muuguzi aliyepima alikuwa binti kijana, amechoka. Akasema mvue. Nikasema dada, anakohoa, baridi hii. Alifikiria. Akasema basi, nitapunguza kidogo kwa nguo. Mshale ukasimama saba na gramu mia mbili. Akapunguza mia mbili. Akaandika: 7.0.

Daktari akamuona haraka, akamwangalia macho na ulimi. Alipotaka kumuweka chombo kifuani, Umuhire akapiga kelele sana, na mimi, nilipaswa kumtuliza — lakini kama wangemvua? Nikamshika kwa nguvu, nikasema anaogopa watu wageni. Daktari akaacha. Akasaini.

Kile nilichotaka kuvuka bahari kukitafuta, kilikuwa hapo, sentimita mbili kutoka kifua chake, na mimi nikakizuia kwa mkono wangu.

Mama Eugénie alinikumbatia. "Unaona, Mama Gatete? Mungu anaongeza." Chini ya karatasi ya bima akasaini pia, yeye kama mudhamini.

Chumvi ilikuwa imelowana. Ngozi ya Umuhire imekuwa nyekundu kama nyanya. Nimepaka mafuta ya ng'ombe.

Jumatano, 3 Septemba — Entebbe

Wanapima joto na kitu kama bastola, sababu ya ule ugonjwa wa Afrika ya Magharibi. Umuhire 36.8. Kila fasi wanapima. Mama Eugénie anatuhesabu kama vifaranga: moja, mbili, tatu, nne, na mudogo. Ametuambia tena: tunaenda wanne, tunarudi wanne. Mwaka jana kikundi kingine mwanamke mumoja alibaki huko Ulaya, na tangu hapo barua zao hazijibiwi.

Ijumaa, 5 Septemba — Roccafolta

Ni kweli kama kwenye picha, lakini picha haina kimya.

Mwalimu Marta ametutembeza. Anaongea Kifaransa na Mama Eugénie, Mama Eugénie anatugeuzia. Mlango wa mji una alama ndani ya jiwe, fasi chuma kilikuwa kinashuka wakati wa vita. Ngazi za mawe zimelika katikati, zimekuwa kama sahani — miaka mia tisa ya miguu. Kisima ni kirefu mpaka Yudita aliposema jina lake ndani, lilirudi baadaye na sauti ya mwanaume. Iko tanuru moja ya mji wote, kila nyumba ilikuwa na chapa yake ya kupiga juu ya mkate ili usipotee. Marta alituonyesha chapa za mbao mia na zaidi. Nane ndizo bado zinatumika.

Watu ni mia na kumi na wawili. Yudita alihesabu madirisha yenye nguo zimeanikwa: kumi na tatu. Funguo zimeachwa kwenye milango ya nyumba tupu, zimeota kutu. Shule ilifungwa miaka mitatu iliyopita. Nikafikiria Topista na foleni yake.

Na wazee — kila tukipita wanatoka. Hawaangalii vikapu. Wanaangalia mgongo wangu. Mama mmoja aligusa mguu wa Umuhire kwa kidole kimoja, akarudisha kidole mdomoni mwake.

Kupanda ngazi na Umuhire si mzigo. Ingekuwa heri niwe nahema.

Jumamosi, 6 Septemba

Kazi imeanza. Tunasukia kwenye birika kubwa la mawe walilokuwa wanafulia nguo zamani. Mwalimu wetu ni Mama Ilde, miaka themanini na mbili. Bwana yake alikuwa msukaji wa mwisho. Mti wao unapasuliwa vipande vyembamba kama utepe, unalala majini siku mbili ndipo unatii. Ni mugumu. Umenikata vidole. Mama Ilde alichukua mukono wangu, akaona kidole kimeota sugu kwa sindano za miaka, akanionyesha chake. Sawa sawa. Hatukuhitaji Kifaransa.

Yeye anaanza kikapu kwa msalaba wa vipande. Mimi nimeanza kwa ncha, kwa kuzungusha, kama kifuniko cha chungu cha maziwa. Alitikisa kichwa. Akaangalia tena. Halafu akavunja cha kwake na kukaa karibu nami.

Ni kikapu kipana, kina masikio mawili ya kamba. Niliuliza ni cha nini. Marta akafurahi sana, akatupeleka chini ya tao la nyumba ya mji wa zamani. Hapo ukutani kuna mashimo ya mawe ya kupimia ngano. Juu, kwenye boriti, mizani. Mti mrefu, na minyororo huku na huku. Upande mmoja kikapu, kimeoza. Upande mwingine ubao wa mikate.

Mwaka mmoja wa njaa, miaka mingi nyuma, waliwapima watoto wote waliozaliwa, na kwa kila mutoto mji ukatoa mkate wa uzito wake kwa nyumba isiyo na moto. Tangu hapo kila sikukuu. Jina la mutoto linaandikwa kwenye kitabu kikubwa. Marta alikifungua. Ukurasa wa mwisho una jina moja, la miaka mitano iliyopita. Chini, karatasi nyeupe.

Mama Eugénie aliacha kugeuza. Marta alikuwa anamwangalia Umuhire.

Nimesuka kikapu hicho tangu asubuhi. Ni kizuri. Ni kazi yangu nzuri kuliko zote.

Jumatatu, 8 Septemba

Mama Eugénie alisema hapana kwanza, mutoto hatapimwa. Ni mambo ya sanamu, wanabeba mtakatifu wa mbao barabarani. Nilishukuru Mungu moyoni.

Leo amebadilika. Muzee wa mji, ndiye meya, amekuja mwenyewe. Oda ya vikapu mia mbili kwa maduka ya kule chini. Na ombi: mutoto apimwe.

"Sanamu inapita barabarani," Mama Eugénie akasema. "Mizani iko chini ya tao. Si kitu kimoja. Sisi hatutapiga magoti."

Nikasema mama mukwe wangu hatakubali, kwetu watoto hawapimwi mbele za watu.

"Mama Gatete, kila Jumatatu haumupimishi? Tena mbele ya wamama mia?"

Nikasema labda ataumwa na baridi.

"Dakika mbili." Akatoa plastiki yake. "Kilo saba kamili, na mwezi umepita, atakuwa saba na nusu. Marta ameuliza mikate mingapi baoke, nimemwambia minane, isipunguke. Unaogopa nini? Mungu anachukia mizani ya uongo, hii ni ya kweli, angalia minyororo."

Nilisema naenda kubadilisha nepi. Haikuwa imelowa.

Jumatano, 10 Septemba

Hanyonyi vizuri. Dakika tatu, jasho, analala. Midomo, nikimaliza kupanda naye ngazi, inakuwa rangi ya zambarau, hata kama ni mimi niliyepanda. Inarudi. Labda ni baridi ya mawe.

Hapa tuko katikati ya Ulaya yote na sijaona daktari. Mji hauna. Anapanda Jumatano mbili kwa mwezi. Leo haikuwa Jumatano yake.

Nilitaka kumwambia Yudita pale birikani. Nilianza: unakumbuka Kakiika? Akaanza kucheka juu ya sajenti na ndizi zake. Akaendelea kucheka mpaka Mama Ilde akacheka bila kujua kwa nini. Nikaacha.

Nimemlisha uji na jibini yao na siagi. Mkate umelowekwa kwa maziwa. Nalisha kama mutu anajaza shimo kabla mvua haijaja.

Jumapili, 14 Septemba

Sikukuu. Watoto na wajukuu wamerudi kutoka miji ya chini, magari mpaka kwenye mlango wa mji. Sanamu ikapita. Mama Eugénie akatazama viatu vyake, sisi pia.

Halafu tao.

Kikapu changu kilikuwa kimetandikwa shuka jeupe la Mama Ilde. Walitaka nimvue abaki na shati tu, ndiyo desturi. Nikamvua. Nilipomlaza, alicheka. Alifikiri ni mizani ya Topista.

Mwanamume mwenye kofia akaanza kuweka mikate. Mikate mikubwa, kila mmoja kilo moja, umepigwa chapa. Watu wote wanahesabu kwa sauti. Mmoja. Miwili. Yudita alikuwa anahesabu nao, ameshajifunza. Mitatu. Minne. Mitano. Wa sita, ule mti ukatikisika. Kikapu kikaondoka chini kidogo, kikarudi.

Wa saba — na mutoto wangu akapaa. Akapanda juu mpaka minyororo ikalia. Watu wakapiga makofi na kucheka, wao ni furaha, hawajui. Akiwa pale juu, mukono mumoja umetoka nje ya kikapu.

Mwanamume akatoa wa saba. Mkate wa sikukuu haukatwi, kwa hiyo wakaweka maandazi madogo, moja moja, mpaka mti ukalala sawa. Maandazi manne.

Mikate sita na maandazi manne. Mikate miwili ikabaki ndani ya kapu la Marta.

Sikumwangalia Mama Eugénie. Nilimsikia. Alikuwa anamwambia Marta kwa Kifaransa, haraka haraka, kwamba mizani za zamani zinadanganya, mbao inakunywa maji. Marta akasema ndiyo, ndiyo, bila shaka. Wakaandika jina: Umuhire. Mama Ilde analia. Mikate ilienda kwa mzee asiyetoka nyumbani.

Nilipokuwa namvalisha, mwanamke mumoja akapita katikati ya watu. Nywele fupi, gauni la maua, binti wa mtu wa hapa, amekuja kula sikukuu. Hakugusa mguu kama wengine. Alishika kucha za Umuhire, akazibonyeza, akangoja rangi irudi. Akaangalia midomo. Akaniuliza kitu. Sikuelewa. Akaweka sikio lake kwenye kifua cha mutoto wangu, hapo hapo, ngoma zinapigwa.

Akakaa hapo. Muda mrefu.

Jumatatu, 15 Septemba — hospitali, mji wa chini

Jina lake ni Daktari Donatella. Ni daktari wa watoto. Alitushusha yeye mwenyewe kwa gari lake, pamoja na Mama Eugénie wa kugeuza maneno.

Wamemuweka mafuta ya baridi kifuani na mashine kama redio yenye picha. Nimeuona moyo wa Umuhire. Ni mdogo kama ngumi yake. Kati ya vyumba vyake viwili kuna tundu. Damu inapita fasi haifai kupita, kwa hiyo moyo unafanya kazi mara mbili, na chakula chote kinaisha hapo. Si uji. Si baridi. Si jicho la mutu.

Nikauliza kama alizaliwa nalo. Ndiyo. Nikauliza kama mutoto mwingine wa tumbo moja anaweza kuwa nalo pia. Mama Eugénie aliniangalia kabla ya kugeuza swali hilo. Akaligeuza polepole. Daktari akasema inawezekana.

Gatete wangu.

Linashonwa, amesema. Wanashona kila mwezi. Katika mji mkubwa kuna wenzake, ameshawapigia, na kuna mfuko wa kanisa lao wa watoto wa mbali. Nafasi iko Ijumaa hii. Mutoto akishonwa mapema, anakula, ananenepa, anakimbia.

Ndege ni Jumatano.

Mama Eugénie alitoka nami kwenye korido. Alikuwa anakunja na kukunjua ile plastiki. Mwisho akasema: "Tulisema wanne."

"Ndiyo, Mama."

"Nilisaini."

"Ndiyo, Mama."

Akakaa karibu nami, akamchukua Umuhire, akamfunika na kitenge chake mwenyewe. "Nitabaandikia barua. Mutoto mugonjwa si mutu wa kukimbia. Batasikia. Lazima basikie." Nilipaswa kumwambia pale pale. Mdomo ulikuwa wazi.

Nimempigia Ngoga kwa simu ya Marta. Kulikuwa na upepo na ng'ombe. Nikasema ni moyo, unashonwa. Akauliza: "Na Gatete?" Nikasema labda. Akasema: "Basi mushone huyu."

Jumanne, 16 Septemba

Naandika haraka, goti ndiyo meza.

Asubuhi wamempima kwa mizani yao ya umeme. Uchi. 6.380.

Daktari Donatella alikuja na karatasi mbili, ya leo na ile ya Mbarara ambayo Mama Eugénie alimpa pamoja na za bima. Uso wake si wa jana. Aliongea muda mrefu na Mama Eugénie akageuza hivi:

Mwezi mmoja uliopita mutoto alikuwa saba kamili. Leo ni sita na mia tatu themanini. Mutoto mwenye tundu la moyo hapandi, hiyo ni kawaida. Lakini hashuki hivyo. Gramu mia sita kwa mwezi, maana yake iko kitu kingine kinamla ndani. Matumbo, ao damu, ao ugonjwa wa kule kwetu wasioujua. Wale wa kushona hawawezi kumfungua mutoto anayekonda hivyo bila kujua sababu. Ijumaa inafutwa. Ile nafasi watampa mwingine. Kwanza watatafuta. Sindano, bomba la tumboni, labda majuma matatu. Halafu watangoja nafasi nyingine. Aliniuliza, kupitia Mama Eugénie: ameharisha? Ametapika sana? Kitu gani kilitokea mwezi huu? Nifikirie vizuri.

Hakuna kilichotokea mwezi huu. Alikuwa sita na nusu, ni sita na mia tatu themanini. Amesafiri, amechoka, basi.

Wote wawili walikuwa wananiangalia. Umuhire amelala kwenye mapaja yangu na plasta mkononi, tayari wamechukua damu mara moja, alilia bila nguvu.

Simu ya daktari ikalia. Ni wale wa mji mkubwa, wanataka jibu la Ijumaa kabla ya saa sita. Alitoka kwenye korido, ameacha mlango wazi, amenionyesha vidole: dakika mbili.

Mama Eugénie ameitoa plastiki tena. Anasoma karatasi ya Mbarara, kidole chini ya 7.0, halafu kwa ile ya bima kidole kinateremka mpaka kwenye sahihi yake. Anasema pole pole, si kwangu: "Lakini mimi nilisimama pale. Niliona mushale kwa macho yangu."

Akijua, atapaswa kusema kwa Kifaransa, kwa mdomo wake, kwamba shemasi Eugénie alidhamini uongo. Vikapu mia mbili. Wanawake kumi na wawili wa kikundi. Yule muuguzi kijana wa asubuhi ya ukungu. Mama Lillian na bwana yake. Wote watapita katika mdomo wake. Na Marta, na Mama Ilde, na kitabu chenye jina.

Nimefunika uso wa Umuhire kwa mkono kwa sababu ya jua la dirishani. Anapumua haraka. Nahesabu pumzi zake, nafika sitini, yeye bado.

Nimesema: "Mama Eugénie. Kabla daktari hajarudi. Uketi."

Ameketi. Kalamu bado iko mkononi mwangu, sijui kwa nini siiachi. Ananiangalia. Anasema, "Sema, mwanangu."

Nje viatu vya daktari vinarudi na mimi nimeanza na neno chumvi